Usivute Nailoni ya Mashine ya Gololi

Kama nyumbani kwako kuna ile mashine ya zamani ya kuchezea gololi ya chuma, iliyolala kama meza chini ya kioo, nakuomba usiivute nailoni iliyobandikwa juu ya picha zake. Binti yangu ni fundi wa mashine hizo, na kila akifungua kioo roho yangu huwa juujuu.

Dada yangu alimletea ya marehemu mumewe. Shemeji alikuwa kinyozi, wateja walikuwa wakicheza huku wanasubiri zamu. Ubaoni amechorwa mwanamke anayecheza dansi, ameshika kitu. Dada aliiona ilipokuwa mpya, akasema ni ua. Shemeji akashikilia ni samaki. Walibishana ndoa nzima. "Njoo dukani utazame," alikuwa akimwambia. Dada hakwenda, eti hana muda wa michezo ya wanaume.

Sasa alitaka kuona, na pale mkononi mwa yule mwanamke nailoni ilikuwa imevimba, imeingia uchafu, kahawia tupu.

"Tuipashe moto kwa kikaushio cha nywele," dada akasema. "Gundi italegea." Hakungoja jibu. Akashika ncha ya nailoni, akavuta. Kipande chekundu cha sketi kikatoka na gundi.

"Mama mkubwa, toa mkono," binti yangu akasema polepole. "Ukivuta hivyo mpaka pale kwenye ua lako, hatutajua ng'o."

"Na samaki wake," dada akasema, akakunja mikono.

Binti akachukua kopo la kupuliza baridi. Nikamuuliza kama haliharibu mapafu.

"Mama, dirisha liko wazi. Umelifungua mwenyewe."

Akapuliza kidogo kidogo mpaka nailoni ikaota ukungu mweupe. Gundi ikawa ngumu, ikaiachia rangi. Tukainama wote, vichwa vikagongana.

Rangi ya mkono ilikuwa imelika zamani, kabla nailoni haijabandikwa. Gololi ilikuwa imeikwangua mpaka kwenye mbao. Na juu ya mbao tupu kulikuwa na samaki mnene, jicho limekaa vibaya, amepakwa rangi ya waridi inayong'aa.

Dada alitazama sana. "Hiyo ni rangi yangu ya kucha," akasema. "Ilipopotea nilikusingizia wewe."

"Najua, mama mkubwa. Ulinikataza kuja kwako likizo nzima."

"Mwongo mkubwa yule." Akajifuta macho kwa kiganja.

"Nikipata picha ya mashine kama hii naweza kurudisha ua. Au nimwache samaki?"

"Mwache. Mfunike vizuri, asitoke."

Akamfunika kwa vanishi ya maji, maana ile kali ingemyeyusha.

Basi nawe, kabla hujavuta, kabla hujapasha moto, kabla hujafuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, ita fundi. Hujui mtu wako ameacha nini pale chini. Na ufungue dirisha.