Mhandisi Aliyekwama Ndani ya Kifaru

Walipokiburuta kifaru cha adui hadi karakana, mhandisi aliomba wiki tatu tu za kukitafutia udhaifu. Miaka ishirini alikuwa amefundisha habari za vyuma chuoni, na kifaru hajawahi kukigusa hata kwa kidole. Lakini mdomo hauna breki, hasa mbele ya kanali.

Wiki ya kwanza akapima unene wa chuma. Ya pili akachora michoro kumi na minane, mizuri ya kutundika sebuleni. Ya tatu ikamkuta anajua kile tu anachokijua askari yeyote aliyewahi kukimbizwa na kifaru: kwamba ni kigumu.

"Mzee, ndani umeshaingia?" mchomeleaji wake akamuuliza.

"Bado. Naanza na nadharia."

"Haya. Nadharia haichubui magoti."

Akaingia kwa aibu, kupitia tundu la dereva, tumbo likigoma mlangoni mpaka alipotoa pumzi yote. Akajifungia mfuniko ili aonje maisha ya dereva. Juu yake, mchomeleaji akauzungusha mnara wa mzinga kidogo, akautia grisi, kisha akaenda zake kunywa chai.

Mhandisi alipousukuma mfuniko, ukainuka vidole viwili, ukagonga mtutu wa mzinga. Nyuma yake, rafu za makombora zilikuwa zimeziba njia. Akaita kwanza kwa sauti ya mhadhiri, kisha kwa sauti ya binadamu. Mwishowe akamwita mama yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Alipowasha tochi, akaona rangi ya mfuniko imekwaruzwa, mistari minne minne, mpaka chuma cheupe. Akaweka vidole vyake pale. Vikaenea. Huyu mwenzake, dereva wa adui, hakuwa na mtu wa kurudi kutoka kwenye chai.

"Mzee, uko wapi?"

"Humu! Zungusha mnara!"

Akavutwa nje kwa makwapa, shati halina vifungo viwili.

Kanali alifurahi mno. "Kumbe mzinga ukielekea kushoto kidogo, dereva hatoki! Umegunduaje?"

"Kwa utafiti wa vitendo, afande."

Mchomeleaji akapatwa na kikohozi.

Siku zote hizo mhandisi alikuwa ameiota sifa ile. Sasa akakumbuka ile mikwaruzo ya mfuniko. "Afande, na vyetu je?"

"Vyetu vina nini?"

"Sijui. Sijawahi kuingia."

Asubuhi iliyofuata akajipenyeza kwenye kifaru cha jeshi lake, baada ya kumwapisha mchomeleaji kwamba hasogei hatua moja. Mnara ukazungushwa. Mfuniko ukainuka vidole vitatu, ukagonga.

"Tumewazidi kidole kimoja!" akapaza sauti kutoka ndani, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

Mwezi mzima wakakata na kuchomelea bawaba upya, kifaru baada ya kifaru, ili mfuniko ufunguke kwa pembeni. Kila kimoja kilipokamilika, aliyeingia kukijaribu alikuwa mhandisi. Walisema akipita yeye, atapita yeyote.