Maneno Ninayomwambia Mgeni wa Mara ya Kwanza

“Sasa ukiwa kule, macho unayaweka wapi?”

Jirani yangu Lorna aliniuliza hivyo ng’ambo ya ua wa waya, wiki niliyopata kazi kwenye ile hoteli ya ufukweni ambayo wageni wake hukaa bila nguo wakipenda. Mimi nilikuwa naanika. Yeye alikuwa na bakuli la maganda ya kuwapelekea kuku.

“Usoni,” nikamjibu.

“Usoni! Bi Agata, wewe kanisani unavaa soksi mpaka magotini, halafu uende ukawapangie taulo watu wasio na hata uzi mwilini?”

“Taulo wanazihitaji kuliko wewe.”

Akacheka mpaka maganda yakamwagika. Mumewe Merv, aliyekuwa chini ya trekta kifua wazi kama wakulima wote wa miwa huku kwetu, akauliza kuna nini. Lorna akamwambia aendelee na trekta lake.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shule yangu iliishia darasa la nne, huko Sisilia, Italia, kabla wazazi wangu hawajatuleta Australia. Kazi za kuchagua sikuwa nazo. Hata hivyo nilikwenda kwanza kwa padri. Akaniuliza, “Wewe utavua?” Nikasema hapana. “Utafua shuka?” Nikasema ndiyo. “Basi kafue shuka, Agata, na uwaombee.” Nikawafulia na nikawaombea, kila mmoja kwa jina lake la kwanza, kwa kuwa kule jina la ukoo halitajwi.

Baada ya mwaka mmoja mwenye hoteli alinitoa kwenye kufua akaniweka mapokezi, niwe ninazungumza na wanaofika kwa mara ya kwanza. Hao hufika wakiwa wameshikilia mikoba yao kama watu walio kwa daktari wa meno. Alisema wakimwona mama mjane wa gauni jeusi anawaeleza utaratibu kama anayeeleza namna ya kuchemsha tambi, wanapumua.

Maneno yangu yalikuwa yale yale kwa kila mtu. Taulo lako uwe nalo kila uendako na ukae juu yake, hata kwenye kiti cha baa. Mafuta ya jua upake zaidi pale ambapo jua halijawahi kufika, maana hapo ndipo litakapokukomesha. Vaa ndala, kuna sisimizi wa kijani wanaouma. Ukikaanga nyama jikoni, vaa aproni, na hilo sijawahi kuulizwa sababu. Bwawani hakuna nguo kabisa, kwingine kote ni hiari yako, na anayetaka kukaa peke yake kuna kijito. Kamera inabaki kwangu, kwenye droo.

Na kulikuwa na neno moja lililonihusu mimi. Nani yuko ndani na nani hayuko, sisemi kwa yeyote. Niliahidi hivyo siku ya kwanza mbele ya mwenye hoteli, mkono wangu ukiwa kwenye rozari, naye hakuwa ameniomba rozari.

Mwaka wa tatu ndipo moto ulipompata Merv. Sisi miwa huichoma kabla ya kuikata, ili majani yaishe, na Merv alikuwa amechoma mashamba tangu akiwa kijana. Upepo uligeuka akiwa amerudi kufungua geti la ng’ombe. Alilala hospitali miezi mitatu. Aliporudi, shati lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kanisani alikaa wima bila kuegemea benchi. Watu walisema amepona vizuri. Lorna naye alisema hivyo hivyo, ila alikuwa amekonda, na ule utani wa uani ulikwisha.

Miaka miwili ikapita. Alhamisi moja asubuhi nikainua kichwa pale mapokezi, nikamwona Merv amesimama mlangoni, kofia mkononi.

“Bi Agata.”

“Merv.”

Kisha nikaanza na taulo, nikamaliza na kamera, kama kwa mgeni yeyote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Shati linaniwasha kama moto wenyewe haujazimika. Nyumbani siwezi kulivua.” Sikumuuliza kwa nini. Akaenda kando ya kijito, mbali na bwawa, akakaa peke yake akiupa mgongo upepo, na gazeti lake. Saa nane akavaa, akaondoka. Ikawa hivyo kila Alhamisi, na nyumbani akisema anakwenda kliniki.

Hayo nayaandika leo kwa kuwa wote wawili walishaniruhusu. Siku zile hata kwenye toba sikulitaja jina lake.

Alhamisi ya tisa, karibu saa tano, gari la Lorna likaingia kwa kasi likasimama pembeni ya lile la mumewe. Alikuwa na gauni la Jumapili, viatu vya kisigino na mkoba mkubwa. Midomo alikuwa ameipaka rangi, lakini ilikuwa imevuka ukingo.

“Yuko wapi?”

“Karibu, Lorna. Kaa.”

“Sikuja kukaa. Kliniki hawajamwona, na watu wanaliona gari lake hapa kila Alhamisi, usinifanye mjinga. Yuko na nani humo ndani?”

“Swali hilo silijibu.”

“Miaka kumi na mitano tumekaa benchi moja kanisani!”

“Ndiyo. Na angekuwa ni yeye anayekuulizia wewe, nisingemjibu pia.”

“Kwa hiyo unamfichia! Mwanamke wa rozari, kumbe mlinda mlango wa wazinzi!”

Maneno hayo yaliniingia. Sikujitetea, kwa kuwa ningejitetea ningeanza kueleza, na ningeeleza ningekuwa nimeshasema. Akafungua mkoba, akatoa kamera ndogo, akaiweka juu ya meza kwa kishindo.

“Nataka kuingia. Nalipa kama watu wengine. Nitampiga picha huyo mwanamke, nimpelekee padri, niwapelekee watoto, halafu leo leo niende kwa dada yangu Cairns. Mabegi yapo kwenye gari.”

Niliyaona kupitia dirisha. Mawili, na blanketi lake la kitanda juu yake. Mtu hachukui blanketi kama anakusudia kurudi.

“Kuingia unaruhusiwa,” nikamwambia. “Ila kila anayeingia mara ya kwanza nazungumza naye kwanza, na kamera inabaki hapa.”

“Zungumza basi. Zungumza haraka.”

Nikaanza na taulo. “Ukae juu yake kila mahali.”

“Sitakaa.”

“Mafuta ya jua.”

“Bi Agata, sivui hata kiatu!”

“Kiatu hicho kitakuangusha kwenye njia ya mbao, chukua ndala. Bwawani hakuna nguo kabisa. Kwingine ni hiari, na anayetaka kukaa peke yake kuna kijito. Jina la kwanza tu. Usimuulize mtu kazi yake wala anakotoka. Unapozungumza na mtu, mtazame usoni.”

Hapo nikasita. Yapo maneno ambayo kila mara nayasema baada ya hayo, nami nilikuwa nimeyasema tangu mwaka wa kwanza, kabla ya moto wowote. Nikayapima. Nikiyasema, je, nitakuwa nimevunja ahadi? Nikiyaruka, nitakuwa nimeyaruka kwa sababu ya Merv, na huko kuruka kwenyewe kutakuwa ni kusema jambo. Nilimwomba Mungu anisaidie, na muda ulikuwa mfupi. Nikaona yeye ni mgeni, na mgeni ana haki ya kuambiwa yote wanayoambiwa wageni.

“Utaona watu wenye makovu,” nikasema. “Ya kisu cha daktari, ya ajali, ya moto. Wengi huja hapa kwa sababu hiyo. Usiyakodolee macho, na wala usigeuze uso kana kwamba umeona kitu kibaya. Ukigeuza uso unawaumiza zaidi.”

Lorna alikuwa ananyoosha mkono kuchukua ndala. Mkono ukasimama hapo hapo.

“Unamwambia hivyo kila mtu?”

“Kila mtu. Kamwulize mwenye hoteli.”

Akakaa. Kiti kile cha mapokezi ni cha chini sana, magoti yake yakapanda juu, mkoba ukaanguka, hakuuokota. Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa anamwita mwenzake waende kula.

“Anabadilisha nguo bafuni, amefunga mlango,” akasema, si kwangu hasa. “Analala na shati. Nikimgusa mgongoni anaruka. Nikasema hanitaki tena. Nilijitazama kwenye kioo nikasema, Lorna, umeharibika, umezeeka, ndiyo maana.” Akafuta pua kwa kiganja. “Daktari alinifundisha kumpaka dawa. Nilifanya mara mbili hospitalini. Mara ya pili nikatoka nje kutapika. Nilifikiri hakusikia.”

Niliuokota mkoba wake, nikauweka juu ya meza.

“Alisikia, eh?”

“Mimi sijasema neno lolote juu ya mume wako, Lorna.”

“Najua hujasema.” Kisha uso ukamkunjamana upya, na safari hii ilikuwa hasira nyingine, mbaya kuliko ile aliyokuja nayo. “Kwa hiyo watu wasiomjua hata jina la baba yake wanauona mgongo wa mume wangu. Hata muuza bima fulani kutoka mjini Townsville anauona. Mimi niliyemzalia watoto watatu nimepewa shati.”

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayemsogelea, kwamba yuko na gazeti tu. Nikajiuma ulimi. Mabegi yalikuwa bado pale garini, na barabara ya Cairns inaanzia getini kwetu.

“Leo unaweza kurudi nyumbani,” nikamwambia. “Hakuna atakayejua ulifika. Hilo nalo silisemi.”

“Nikirudi nyumbani atakuja saa tisa, ataniambia kliniki walikuwa wengi, nami nitamwambia pole, chai ipo. Miaka mingine kumi.” Akatikisa kichwa. “Cairns, angalau, ni safari.”

Akainuka. Nilijua anakwenda kwenye gari. Nikashika kamera nimrudishie, lakini akaisukuma kwangu kwa vidole viwili, nami nikaitia kwenye droo nikafunga. Akavua kiatu kimoja, halafu cha pili. Akaanza kufungua vifungo vya gauni, hapo hapo mbele ya meza yangu, polepole, vilikuwa vingi.

“Lorna, mwanangu, chumba cha kubadilishia kiko pale kulia.”

Hakunisikia, au alinisikia akapuuza. Alilikunja gauni mara tatu kama nguo ya duka, akaliweka juu ya kiti, na vya ndani akaviweka chini ya gauni visionekane. Mwili wake ulikuwa mweupe na wenye alama za mipira ya nguo, mwili wa mwanamke ambaye hajawahi kusimama hivyo mchana mbele ya mtu. Alikuwa amejikumbatia. Kisha akaishusha mikono, kwanza mmoja, halafu mwingine.

“Kijito kiko upande gani?” akauliza.

Huo ni mwelekeo, nami huwapa wageni wote. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akasukuma mlango wa bustanini, akatoka bila neno lingine.