Tangi Lililojaa Kitangari

Dada Ethel alianza kunikera tangu tunatoka Masasi. Dirisha analishusha, analipandisha. Simu anaitoa mkobani, anairudisha, anaitoa tena. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, na gari ni langu, kwa hiyo nilimwambia kwa sauti ya chini atulie.

"Chrispin, angalia barabara," akanijibu.

Nyuma walikaa majaji wawili wa Tuzo ya Vinara wa Teknolojia: Dokta Arthur, mtu wa maswali, na Bi Nuria, aliyekuwa anasinzia. Kila mwaka tuzo hiyo huwaendea wakubwa wa makampuni ya mjini. Mwaka huu jina la Ethel, mtoto wa mama yangu mkubwa, lilipenya, kwa kifaa alichokibuni na kukifunga kwenye tangi la maji la Kitangari. Kinapima maji yaliyobaki na kuwatumia kina mama ujumbe kwenye simu. Zamani wengi walikuwa wanashuka kuteka bondeni kwa kuhofia kukuta bomba kavu. Siku hizi wanajua kabla hawajashika ndoo. Anayeshinda tuzo hutengenezewa vifaa vyake kwa wingi, na Ethel alikwisha kuvigawa kichwani, kijiji hadi kijiji, mpaka Newala yote ikaenea. Kazi ya mjini aliiacha kwa ajili hiyo. Namwelewa, ila lile dirisha lilinichosha.

Mwisho akanionyesha simu. Mstari wa maji ulikuwa umenyooka tangu jana mchana. Wanawake wa Kitangari huteka alfajiri, na kufikia saa kama hizo tangi huwa limeshuka sana. Sasa mstari ulisema limejaa, halijapungua hata kidogo.

"Kimekufa," akaninong'oneza. "Kimeganda pale pale. Leo, Chrispin! Leo!"

Akampigia mama yake, mwenyekiti wa kamati ya maji. Hapatikani. Akampigia Yunusi, mlinzi wa tangi. Yunusi akacheka tu.

"Njooni, dada. Mtajionea wenyewe."

Ethel akakata simu. Mguu wake ukaanza kupigapiga sakafu ya gari.

"Waambie kimeharibika," nikamnong'oneza. "Ni chombo tu, kinaharibika."

"Ili wageuzie hapa hapa?"

Dokta Arthur akainama mbele. "Tunaweza kuona vipimo vya leo?"

"Mtandao unasumbua kidogo, Dokta. Unarudi sasa hivi."

Mtandao ulikuwepo. Ethel akafungua sehemu ya majaribio aliyowahi kunionyesha, akachukua vipimo vya wiki iliyopita, akavipachika kwenye siku ya leo. Nilimwona. Nilitaka kumkemea, lakini majaji walikuwa kisogoni na tulikuwa kwenye kona za mlimani, nikauma meno nikaendelea kupanda. Akampa Dokta simu bila kugeuka.

"Imebaki robo," Dokta akasoma, akafurahi. "Kumbe wanatumia sana!"

Tulipofika Kitangari, Dokta hakungoja hata chai. Akapanda ngazi ya tangi, akafunua kifuniko, akaingiza mkono. Ukatoka umelowa hadi kwenye kifundo, na wala hakuwa ameinama.

"Limejaa pomoni," akasema. "Kifaa chako kinasema robo."

Yunusi alikuwa anachekelea. "Si niliwaambia mtajionea?"

Hapo vigelegele vikasikika kutoka njia ya bondeni. Wanawake walikuwa wanapanda, kila mmoja na ndoo kichwani, na mbele yao Mama Ethel, kanga imelowa, anachechemea.

"Shikamoo mama," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, wageni!" Akatua ndoo, akahema kwanza. "Tangi hatujaligusa tangu jana. Tukasema, wageni wa Ethel wapande huku wakute maji tele, waoge, wanywe. Sisi tumeshuka kule kule kwa zamani."

Bondeni simu hazishiki. Nikamtazama Ethel. Alikuwa anaangalia miguu ya mama yake, imejaa vumbi hadi magotini.

"Dokta," akasema, "kifaa hakijadanganya. Nimedanganya mimi." Akaeleza yote, mbele ya watu wote.

Dokta akajifuta mkono kwa kitambaa. "Ahsante kwa kusema," akajibu, akanipa mimi ile simu, akarudi garini. Bi Nuria akamfuata. Nilishikwa na hasira, nisijue nimkasirikie nani.

"Hawaogi?" Mama Ethel akauliza. "Basi, tufungue tuteke?"

Ethel akafungua bomba mwenyewe. Ndoo zikapangwa, wanawake wakateka, wengine wakiwatupia jicho wageni waliokaa garini. Haukupita muda simu ikalia mkononi mwangu. Zikafuatia za kina mama, moja baada ya nyingine, kwenye mapindo ya kanga.

Mama Ethel akafungua yake, akausoma ujumbe kwa sauti: maji yameanza kupungua. Akamgeukia Ethel.

"Mbona kinafanya kazi, mwanangu?"