Mashati Saba ya Mwenyekiti

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa kumi kasorobo alasiri, dobi akinyoosha kola ya shati la mwenyekiti wa halmashauri, la sita kati ya saba. Mkutano wa kampeni ulikuwa uwanjani, ng'ambo ya barabara, na sauti kwenye spika ilikuwa ya mwenye shati.

"Mnamjua mama yake huyu binti anayekitaka kiti changu cha udiwani? Alikuwa anafua mashuka ya maiti hospitalini. Kafa mwaka jana, harufu kamwachia mwanawe."

Watu wakacheka. Dobi akainua pasi ili kola isiungue. Marehemu alikuwa mkewe. Binti ni mwanawe wa pekee.

Kesho yake redioni mwenyekiti aliulizwa kama ataomba radhi. Akasema hana cha kuombea radhi, siasa si lelemama. Wakubwa ndivyo walivyo: ukiwakanyaga kidole unalala ndani, wakikukanyaga kifua wanakuuliza ulilala njiani kwa nini.

Dereva wa mwenyekiti alipofuata mashati, dobi alimwambia hayatoki. Mwenyewe avuke barabara, amwombe marehemu samahani.

Dereva akajikuna kisogo. "Mzee wangu, yule hata mkewe hajawahi kumwambia samahani."

Mwenyekiti hakuja. Alinunua mengine.

Jumamosi ikawa zamu ya binti. Dobi alifunga duka, akavaa suruali yenye mkunjo wa kukatia kitunguu, akasimama nyuma kabisa. Binti alizungumza vizuri habari za maji na barabara, mpaka mtu mmoja akamtaka amjibu mwenyekiti. Akamjibu: mtu ambaye mkewe kashindwa kumzalia miaka ishirini, kata hii ataizalisha nini? Kicheko kilizidi cha Jumanne.

Nyumbani baba alimwambia akamwombe radhi mke wa mwenyekiti, yule mama hakugombea kitu. Binti akasema marehemu naye hakugombea.

"Alianza yeye, baba. Nikiomba radhi leo, kura zimekwenda."

Jumatatu asubuhi binti alikuwa chumba cha nyuma ya duka, kilichotengwa kwa pazia, anakoroga chai, mke wa mwenyekiti alipoingia. Alikuja kwa miguu, peke yake. Dobi hakumngoja aseme, mashati hayatoki.

"Sikufuata mashati," alisema, akishika ukingo wa meza ya pasi. "Mkeo alinifulia mashuka mara tatu, kila mimba ilipotoka. Hakumwambia mtu. Nadhani hata wewe."

Dobi alikuwa hajui.

"Mume wangu hawezi kulisema, basi nalisema mimi. Samahani, mzee."

Dobi alimvutia kiti. Hakukaa. Nyuma ya pazia kijiko kilikuwa kimenyamaza, na mkaa ndani ya pasi ulianza kufunikwa na majivu. Mwanamke akalitazama lile pazia, kisha akamtazama dobi.

"Na kwangu mimi," akauliza, "atakuja nani?"