Salamu za Kugeuza Mpunga

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya salamu za redioni. Sikumtukana mtu, sikuiba, sikuja kazini nimelewa. Nilimsalimia tajiri wangu, nikawasalimia wenzangu wa mashineni, nikachagua wimbo, nikaandika ujumbe wa maneno saba. Basi.

Mimi ni mtu wa redio. Wengine wanapenda mpira hadi wanagombana na wake zao, mimi napenda kipindi cha salamu. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimia, wimbo unaoutaka, na chini kuna mahali pa ujumbe. Unaiposti, unasubiri. Mtangazaji akiisoma, nchi nzima inajua kwamba Ifakara kuna mtu anaitwa Nazari. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Shule niliachia darasa la nne, jina langu halijawahi kusomwa mahali popote isipokuwa kanisani siku ya ndoa.

Kadi niliandika mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto. Nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa ya Mzee Octavian, na uwanja wetu ulikuwa umejaa maturubai ya mpunga. Mpunga ukianikwa lazima ugeuzwe. Wakulima wa kijiji cha Mchombe walikuwa wanashusha magunia, wanamwaga, halafu wanakwenda sokoni kunywa chai. Juu unakauka, chini una maji. Ukiingia kwenye mashine unakatikakatika, mtu anapata chenga badala ya mchele, na lawama zote kwangu. Kwa hiyo kutwa nilikuwa napiga kelele: geuzeni, geuzeni. Rabia, mama aliyekuwa anasimamia uanikaji, akanipa jina la Baba Geuza. Ndipo nikaandika pale kwenye ujumbe: "Geuzeni bila kuchoka, msije mkabaki na chenga." Niliona ni utani mzuri wa kazini.

Haikusomwa. Agosti ikapita, Septemba ikapita, nikaisahau.

Oktoba ikatukuta kwenye kampeni. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kwa watu wa rika langu. Mzee Octavian alikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama, akatugawia wote fulana na kofia. Mimi nilivaa, kitambaa kilikuwa kizuri. Kassian, kijana niliyemfundisha mashine, alivaa mchana, jioni anaivua na kwenda kwenye mikutano ya vyama vya mageuzi. Siku moja aliniuliza, "Kaka, wewe uko wapi?" Nikamwambia niko kwenye mashine.

Sikuwa namkwepa. Kweli nilikuwa sijui. Nilipenda ngoma za mikutano ya Chama na nilipenda vichekesho vya wasemaji wa mageuzi. Nilidhani mtu anaweza kupenda hivyo, kama mtu anavyoweza kula wali leo na ugali kesho bila kuulizwa kabila. Lakini mwaka ule, ukisema wimbo huu mtamu, mtu anakuangalia kwanza fulana.

Kadi yangu ikasomwa siku ya Jumamosi mchana. Mashine ilikuwa imezimwa, tunasubiri dizeli, redio inaning'inia kwenye msumari. Mzee Octavian alikuwa ameketi na wajumbe wawili wa kamati yake wanapanga mambo ya mkutano. Mara nasikia Nazari wa Ifakara, mashineni kwa Mzee Octavian. Nikasimama. Mtangazaji akasoma majina yote: Mzee Octavian, mke wangu Justa, Rabia, Kassian. Kisha akasoma ujumbe, akacheka kidogo, akasema haya, ndugu zetu wa Ifakara, mmesikia wenyewe, geuzeni. Akaweka wimbo wangu, ule ambao gitaa linaanza peke yake.

Furaha yangu haikufika hata kwenye kuimba. Rabia alikuwa anatazama chini. Kassian ananitazama kama mtu aliyeona bwana harusi. Wajumbe wanamtazama Mzee Octavian.

Mzee Octavian hakuwa mtu wa kufoka. Aliniuliza taratibu, "Nazari, tugeuze nini?"

"Mpunga, mzee."

"Mpunga gani Oktoba?"

Nikaangalia uwanja. Turubai hata moja hakuna. Mpunga wote ulikuwa kwenye magunia ndani, uwanjani wanatembea kuku. Nikamweleza kwamba kadi niliiposti mwezi wa saba. Mjumbe mmoja akasema treni ya Dar es Salaam haichukui miezi mitatu, hata ile mbovu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hapo nadhani nilikosea pia.

Kuanzia siku hiyo vijana wa baiskeli wakipita mashineni walikuwa wananyoosha mkono na kugeuza kiganja. Mzee mmoja wa mageuzi, Leodegar, ambaye hatujawahi hata kusalimiana, aliniletea soda na kuniambia nina moyo wa chuma, kusema vile nikiwa nyumbani kwa simba. Nilimwambia nilisema mpunga. Akanikonyeza. Akasema hivyo hivyo, endelea kusema mpunga. Soda niliinywa, ilikuwa imeshafunguliwa.

Nyumbani Justa alinikalisha. "Baba Omega, mimi ni mkeo. Niambie ulimaanisha nini."

"Mpunga."

"Basi si ungeandika mpunga."

Nafasi ilikuwa ndogo, ndiyo. Na wote niliowataja wangejua nasema mpunga. Lakini mtu akikuuliza mara ya tano, unaanza kujitafuta ndani kama kweli hakuna kitu kingine.

Katikati ya wiki Mzee Octavian aliniita. Alisema jina lake limesomwa pamoja na maneno yale na wilayani wameshamuuliza. Jumapili kuna mkutano, nitapanda jukwaani, nitaueleza umma kwamba nilizungumzia mpunga wa kuanika. "Ukieleza vizuri, Jumatatu unawasha mashine kama kawaida. Ukishindwa, nitatafuta mtu mwingine." Nikamwambia nitaeleza. Kuhusu mpunga hakuna mtu wa kunisumbua.

Jumapili nikapanda nimevaa fulana na kofia. Watu walikuwa wengi, na vijana wa mageuzi, wenzake Kassian, nao walikuwa wamekuja kusikiliza. Nikawaamkia wazee shikamooni, nikasema mimi ndiye Nazari wa salamu, na pale nilisema geuzeni mpunga, si kitu kingine. Watu wakatazamana. Nikaona hawajaelewa. Nikaamua kueleza kazi yenyewe.

Nikasema, mpunga ukiuacha bila kugeuza, ule wa juu ndio unaokula jua peke yake.

Mtu mmoja nyuma akaguna.

Nikasema, na ule wa chini unaoza kwa unyevu, wakati turubai ni moja na jua ni la wote.

Makofi yakaanza. Nikainua mkono wanisikilize. Nikasema jamani sichekeshi, ule wa juu ukikaa juu muda mrefu nao unaharibika, unapasuka, haufai, kwa faida yake mwenyewe ushushwe chini. Hapo uwanja ukalipuka. Kofia zikarushwa, nyingine za Chama kabisa. Vijana wakawa wanaimba geuza, geuza, na akina mama wa ngoma waliokuja na Chama wakashika mdundo bila kujua wanampigia nani. Mimi nimeshika kipaza sauti, jasho linanitoka, na nayasikia maneno yangu yanavyorudi kutoka kwenye spika. Yalikuwa yanaingia akilini. Hilo ndilo lililonichanganya. Kila neno lilikuwa la mpunga, na kila neno lilikuwa kweli hata kwa lile jingine. Mjumbe akaninyang'anya kipaza sauti.

Jumatatu nilimkuta Mzee Octavian mlangoni mwa mashine. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mimi nakuamini kwamba ulisema mpunga," akasema. "Ila siwezi kukaa na fundi ambaye akisema mpunga watu wanapiga makofi."

Ufunguo wa mashine alimpa Kassian. Kassian alikuwa amevaa fulana ya Chama, mpya. Nilimtazama, akashika kazi ya kukaza mkanda ambao haukuwa umelegea. Baadaye alinifuata nje akaniambia, "Kaka, mimi sikusema kitu chochote." Ni kweli. Hakusema.

Siku ya kura nilikwenda. Nilikaa na karatasi mle ndani mpaka msimamizi akakohoa. Nilipiga. Sisemi wapi, na nikiulizwa kwa nini pale, sijui kama mkono ulikuwa wangu au wa yule mtu wa jukwaani.

Nilipoteza kazi niliyoifanya miaka kumi na moja. Chumba cha nyuma ya mashine, tulichokuwa tunakaa bure, tulikitoa kabla ya Krismasi, tukahamia kwa shemeji yangu Mang'ula, watu saba vyumba viwili. Omega alirudia darasa kwa sababu ya kuhama. Mzee Octavian alikuwa asimamie ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho. Alituma mtu kusema ana udhuru, tukamtafuta mwingine. Na Kassian hatuzungumzi.