Mlango Uliochorwa Umefungwa

Mkuu wa ofisi yetu alisema kitabu changu ni cha watoto. Alikishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake.

"Picha tupu," alisema. "Binti, sisi ni wasanifu majengo. Kanuni za ujenzi tunazisoma."

"Tunazisoma, Mkuu, ila hatuzioni."

Kaka Rula, mchora ramani mkongwe wa meza ya jirani, alikohoa kikohozi cha uongo. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke chuo, bado niko kwenye majaribio, na mtu wa majaribio hajibu hivyo.

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa thelathini nilizochora kwa mkono, kila kanuni na ukurasa wake. Kimo cha kidato cha ngazi nilikichora na mguu juu yake. Kishikio nilikichora na mkono wa bibi kizee umekishika. Nilikianza kwa sababu kitabu rasmi cha kanuni, kurasa mia nne bila picha hata moja, kilinipa usingizi kila nilipofika sehemu ya ngazi. Mwanzoni nilichora kuta na vidato tu. Kisha shangazi yangu, mkunga ninayeishi naye, akachungulia begani kwangu jioni moja.

"Mchoro mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini hii nyumba haina watu. Wamehama?"

Basi nikaweka watu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa ngazi ya wodi ya wazazi, jengo la ghorofa tatu tulilokuwa tukilichora ofisini. Nikachora wabebaji wawili wanashuka na mama kwenye machela. Nikachora muuguzi anatoka wodini, na ili atoke, nikaufungua mlango wa ngazi. Hapo penseli yangu ikasimama.

Ofisini kwetu mlango wa ngazi huchorwa umefungwa. Ngazi yenyewe Mkuu aliichora enzi za ujana wake, ikapitishwa, na tangu siku hiyo kila jengo letu linainakili vilevile. Tunaiita "ngazi ya Mkuu". Mlango aliufunga ili mchoro usichafuke kwa mistari mingi, na ukifungwa hivyo ni kimstari tu ukutani. Ukifunguliwa ni bawa la mita moja linalochomoza kwenye ngazi, na kibaraza cha ngazi, pale watu wanapogeukia, kina mita moja na nusu. Zinabaki sentimita hamsini. Machela peke yake ina sitini.

Asubuhi iliyofuata ndipo nilipomwonyesha Mkuu kitabu, akasema ni cha watoto. Ramani ya wodi ilitakiwa kupelekwa kwa wakaguzi saa nane mchana. Kwenye kona ya chini palikuwa na kisanduku cha jina langu, mimi niliyeichora.

"Saini," alisema Mkuu.

"Sisaini."

Kaka Rula safari hii alikohoa kweli.

"Ngazi hii imepita mara kumi na moja," Mkuu alisema taratibu, sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

"Imepita kwenye karatasi, Mkuu. Hakuna aliyewahi kuufungua mlango."

"Basi ufungukie ndani."

"Kanuni inakataa. Watu wakikimbia moto wanausukuma mlango, hawauvuti. Inabidi tuurudishe nyuma mita moja, uingie kwenye ofisi ya mganga mkuu."

Aliguna. Ofisi ile mganga mkuu alikuwa ameizungumzia kuliko wodi yote. "Watu wana akili. Wakimbeba mgonjwa, si wataufunga?"

"Kwa mkono wa nani? Yote minne imeshika machela."

"Binti, unataka kumfundisha samaki kuogelea?"

Nilifikiria shangazi, na wale mama anaowashusha kutoka ghorofani usiku na mchana, nikaona ni heri nifukuzwe nimesimama. Nikachukua futi na selotepu, nikaenda kwenye mlango wa stoo. Mlango ule unafungukia chumbani kwetu, na kabati la ramani pembeni yake linauzuia usigeuke mpaka ukutani, kama ukuta unavyouzuia kwenye ngazi ya Mkuu. Nikapima mita moja na nusu kutoka mlangoni, nikabandika selotepu sakafuni, nikapanga meza juu ya mstari ziwe ukuta wa pili. Machela ikawa ubao wa kuchorea. Mgonjwa akawa kitabu cha kanuni, kurasa zake zote mia nne.

"Beba, Mkuu," nilisema. "Ukipita, nasaini sasa hivi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona Kaka Rula, akashika upande wa nyuma kabla hajaulizwa.

Mkuu akavua koti, akashika upande wa mbele, wakaanza kuja. Nami nilikwishaingia stoo; walipokaribia, nikatoka kama muuguzi mwenye haraka, nikausukuma mlango mpaka ukagota kabatini.

Ubao ulikwama. Mkuu akarudi hatua, akajaribu tena. Akauinua upande, akauinamisha, akajipenyeza kiubavuubavu huku tumbo limebanwa kati ya mlango na meza.

"Mkuu, amua," alilalama Kaka Rula. "Mikono inakufa."

Mkuu akauinamisha zaidi. Kitabu kikateleza, kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Mgonjwa huyo," alisema Kaka Rula. Hakucheka.

Mkuu alikitazama kile kitabu bila kukiokota. "Mbili kati ya zile kumi na moja ni shule," alisema, si kwangu, si kwa yeyote.

"Hizo nazo tutazifungua milango."

"Nani atampigia mganga mkuu?"

"Mimi."

"Hapana. Ngazi ni yangu." Akachukua simu, shati limetoka nje ya suruali. "Daktari, ramani haiendi leo... Ndiyo, najua tuliahidi. Na ofisi yako itapungua mita moja... Hapana, hilo halina mjadala."

Akakata simu, akanigeukia. "Majaribio yako hayajaisha."

"Najua, Mkuu. Ukiniletea ngazi kama ile tena, sitasaini tena."

Mkuu alikwenda kabatini akatoa ramani kuukuu, ya jengo la kwanza kabisa, karatasi imeshaingia rangi ya chai. Akaitandaza juu ya meza yangu, akachonga penseli, na kando ya kile kimstari alichokichora ujanani akazungusha robo duara ya mlango. Mstari wake ulikula theluthi mbili za kibaraza.

"Mchoro umechafuka," alisema.

"Sasa una watu," nilimwambia, nikavuta kiti nikamkaribisha akae, nikafungua ramani ya pili.