Chati ya Homa ya Kompyuta

Dorotea alikuwa amestaafu unesi, hakustaafu akili. Ndivyo alivyomwambia fundi Mayala dukani kwake Mabatini, hata kabla ya kuiitikia shikamoo yake.

"Mama, nilishamwambia mwanao wiki iliyopita," fundi alisema. "Kadi ya picha imekufa. Joto linafika nyuzi tisini na saba, kompyuta inajizima. Niachie niuze vipuri."

"Imekufa! Kwani kwenu mtu akipandwa na homa mnamzika?"

Obedi, mwanawe wa kwanza, aliinamisha kichwa kwa aibu. Yeye ndiye aliyeileta kompyuta hapa, na aliporudi nyumbani kisiwani Nansio na taarifa ya msiba huo alikuwa anachekelea. Mama wa miaka sitini na mbili, mzee wa kanisa, anashinda dirishani akiendesha malori ya kwenye gemu! Wakapatana kwamba kama kweli imekufa, gemu basi, hakuna kununua nyingine. Dorotea alikubali shingo upande. Tangu usichana alitaka kuendesha lori. Baba yake alisema haifai kwa mwanamke, mumewe akasema vilevile, na sasa mtoto wa kumzaa mwenyewe naye anamletea hayo hayo? Thubutu!

Akatoa daftari mkobani, akalibwaga juu ya kaunta. Tangu anunue kompyuta ile alikuwa akiandika joto la kadi linaloonekana pembeni mwa kioo, asubuhi, mchana na jioni, kama alivyowaandikia wagonjwa wodini miaka thelathini na minne.

"Soma. Miezi miwili yote, sabini na mbili, sabini na tatu. Jumanne ya wiki iliyopita, hii hapa, tisini na moja. Jumatano, tisini na saba. Jumatatu kulitokea nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wadudu wa ziwani! Walitua Nansio wingu zima, mpaka ugali tulikula tumejifunika khanga. Nami nilikuwa dirishani, nimebakiza kilomita kumi na mbili kufikisha mzigo, sikuzima." Hapo alisita, kosa lilikuwa lake na lilimuuma. "Fungua tuone feni."

"Mama, kufungua ni kazi bure..."

"Wiki iliyopita ulifungua?"

Mayala akakuna kidevu. Obedi akainua kichwa, akamtazama fundi kwa jicho baya.

Skrubu zikatoka moja moja. Mfuniko ulipoinuliwa, feni haikuonekana. Wadudu wakavu walikuwa wameshikamana juu yake kama majani ya chai kwenye chujio. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akaguna. Mayala akachukua brashi, akasafisha, akarudishia mfuniko.

Dorotea akavuta stuli, akawasha, akaingia barabarani na lori lake. Sitini na nane. Sabini. Sabini na mbili, ikagoma kupanda zaidi. Dakika ishirini zikapita, wateja wamemzunguka, wanampigia makofi kila akikata kona. Machozi yalimlengalenga kwa furaha, wala hakuyafuta.

"Haya mama, imepona," Obedi alisema taratibu. "Zima basi, twende. Meli itatuacha."

"Ituache," Dorotea alisema, akabadilisha gia. "Nina mzigo wa watu."